Mechi tisa, pointi nane: kocha mpya avumiliwe mpaka lini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Timu yangu ilileta kocha mpya kabla ya msimu kuanza. Tumecheza mechi tisa za ligi: tumeshinda mbili, sare mbili, tumepoteza tano. Juzi tumefungwa 2-0 nyumbani, uwanja mzima ukamzomea mpaka akaingia ndani. Mabao manne tuliyofungwa msimu huu yametokana na kona, na kikosi hakijawahi kuwa kilekile mechi mbili mfululizo. Kaka yangu anasema aondoke leo kabla hatujashuka daraja. Mimi nasema apewe muda, lakini kaka akiniuliza "muda gani, na utajuaje kama kuna kitu unakisubiri?" nakosa la kusema. Nisaidie. Na je, kumzomea kunasaidia au kunaharibu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako amekuuliza swali zuri kuliko wanayouliza viongozi wengi wa klabu. Kwa matokeo ya mechi tisa peke yake, mimi nisingemfukuza. Lakini na wewe, "apewe muda" haitoshi. Kinachobadilisha timu ni kazi inayofanyika mazoezini, na kazi hiyo huanza kuonekana uwanjani mapema kabla haijaonekana kwenye msimamo wa ligi. Ukijua pa kuangalia, utaiona. Ukiangalia ukaikosa, basi kaka yako ndiye mwenye haki.

Hofu yake ina msingi, tuiheshimu. Pointi nane kwa mechi tisa, mkienda hivyohivyo kwenye ligi ya timu 20, mtamaliza na pointi kama 34. Hapo ndipo timu huanza kuombea wenzao wafungwe wiki ya mwisho. Kushuka daraja kunakata mapato, wachezaji wazuri wanauzwa kwa bei ya kutupa, na watu wa ofisini ambao hawajawahi kugusa mpira wanapoteza ajira. Anayeliogopa hilo usimwite shabiki maandazi.

Sasa mechi tisa zenyewe. Mwaka 2017 Crystal Palace ya London ilimchukua Mholanzi Frank de Boer. Akapoteza mechi nne za kwanza za ligi bila timu yake kutikisa nyavu hata mara moja, na siku ya 77 tangu aajiriwe kibarua chake kikaota nyasi. Mechi ya mwisho ilikuwa ugenini kwa Burnley: walifungwa dakika ya tatu kwa pasi mbovu iliyorudishwa nyuma, kisha wakashambulia muda wote uliobaki na mpira ukakataa kuingia. Akaja Roy Hodgson, mzee aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya England. Naye akapoteza tatu za kwanza bila bao: 1-0, 5-0, 4-0. Timu ikawa na mechi saba, pointi sifuri, mabao sifuri. Oktoba wakaifunga Chelsea, bingwa mtetezi, 2-1, na msimu ukaisha Palace wakiwa nafasi ya 11.

Kaka yako atasema, si unaona, kubadilisha kocha kumesaidia. Mwambie aangalie nani hakuwepo. Wilfried Zaha, mchezaji wao hatari kuliko wote, aliumia goti mechi ya kwanza ya msimu na akarudi siku hiyohiyo waliyoifunga Chelsea, na bao moja alilifunga yeye. Sisemi De Boer naye angefika nafasi ya 11. Alikuwa anawahamishia kwenye mfumo wa mabeki watatu nyuma ambao kikosi kile hakikuwa kimeuzoea, na huenda angezama nao. Ila Hodgson angepimwa kwa kipimo alichopimiwa mwenzake, naye angefungashiwa virago.

Kwa hiyo kabla ya yote jiulize mmecheza na nani, na majeruhi walikuwa akina nani. Agosti 2021 Arsenal ya Mikel Arteta ilianza kwa kufungwa 2-0 na Brentford, 2-0 na Chelsea, 5-0 na Manchester City. Mabao tisa yameingia, hakuna lililotoka, wako mkiani kabisa. Mbili kati ya timu hizo tatu zilikuwa zimetoka kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya miezi mitatu nyuma, na Arsenal walikuwa na wachezaji kadhaa nje. Walimaliza wa tano, na misimu iliyofuata wakawa washindani wa ubingwa. Chukua ratiba yenu uiandike: katika hizo mechi tano mlizopoteza, ni ngapi zilikuwa dhidi ya timu nne za juu? Hapo tu unaweza kukuta nusu ya ugomvi wenu na kaka imekwisha.

Na mwanzo mzuri nao unadanganya vilevile. Ange Postecoglou alipofika Tottenham mwaka 2023 alicheza mechi kumi za kwanza za ligi bila kufungwa, akashinda nane. Msimu wa pili timu hiyohiyo ilimaliza nafasi ya 17, ikachukua kombe la Europa League, na kocha akaondolewa. Mechi kumi za kwanza hazikuwa zimetabiri lolote kati ya hayo.

Sasa nikupeleke mazoezini, maana shabiki hafiki huko na ndiko jambo lenyewe liliko.

Nimefundisha kwa miaka mingi, zaidi timu za madaraja ya chini. Kuna timu niliichukua ikiwa imezoea kukaba mtu kwa mtu. Mimi nikataka wakabe eneo, yaani kila mtu alinde sehemu yake, na wakipoteza mpira wausake palepale mbele badala ya kukimbilia golini kwao. Nilikuwa na beki wa kati wa miaka 30, mtu mwenye akili ya mpira na heshima kubwa kwa wenzake. Wiki ya kwanza alicheza vizuri. Wiki ya kwanza kila mtu anacheza vizuri kwa sababu anataka kocha mpya amwone. Mechi ya nne, straika wa wapinzani akashuka kwenda kupokea mpira katikati. Mazoea ya miaka kumi yakamwambia yule beki mfuate. Mimi nilikuwa nimemwambia baki, mkabidhi kiungo. Akapiga hatua mbili mbele, akakumbuka, akasimama. Hakumfuata na hakubaki. Pasi ikapenya kwenye pengo aliloliacha, tukaokota mpira wavuni. Jukwaani wakapiga kelele kwamba beki kalala. Mimi niliyekuwa mita 20 kutoka kwake niliona uso wake: alikuwa anafikiri. Mchezaji anayelazimika kufikiri anachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha kufungwa.

Kipindi hicho, mazoea ya zamani yameshatoka na mapya hayajaingia mwilini, ndicho kigumu kuliko vyote. Timu inakuwa mbovu kuliko ilivyokuwa kabla kocha hajafika. Mara nyingi kinaangukia kwenye mechi ya nne mpaka ya kumi, wakati ambapo mashabiki wameshachoka kusalimiana na kocha na wanataka pointi. Beki wangu yule alihitaji karibu miezi mitatu. Baada ya hapo hakuhitaji kukumbushwa, na hata mimi nilipoondoka aliendelea kukaba hivyo.

Hesabu nyingine ambayo wengi hawaipigi ni siku za mazoezi. Timu inayocheza Jumamosi na Jumatano, Jumapili ni ya kupumzisha misuli, Jumatatu waliocheza dakika 90 bado miili mizito, Jumanne ni mazoezi mepesi na mipira ya kutenga. Siku ya kufundisha kitu kipya kwa nguvu haipo. Kocha wa timu ya aina hiyo anafundisha kwa video na maneno, na mwili haujifunzi kwa video. Jürgen Klopp aliingia Liverpool Oktoba 2015 na msimu ule timu ilicheza mechi zaidi ya 60. Ilimaliza ya nane na kupoteza fainali mbili. Xabi Alonso aliichukua Leverkusen Oktoba 2022 ikiwa ya 17 kati ya timu 18. Akashinda mechi ya kwanza 4-0, kisha akapigwa 3-0 na Porto na 5-1 na Frankfurt. Baadaye ligi ikasimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, akapata wiki nzimanzima za kufundisha bila mechi za ligi. Walimaliza wa sita. Msimu uliofuata wakawa mabingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Wa kwenu alikuja kabla ya msimu, kwa hiyo alipata maandalizi. Hilo linapunguza visingizio vyake, na ni haki kusema hivyo. Ila uliza alipata wangapi kati ya wachezaji wa sasa wakati huo. Kama viungo wawili wamesajiliwa siku ya mwisho ya dirisha la usajili, maandalizi yale waliyafanya wengine.

Basi uangalie nini? Mimi naangalia nafasi kabla ya mabao. Wachambuzi wana kipimo wanachokiita magoli yanayotarajiwa: kila shuti linapewa thamani kulingana na mara ngapi mashuti ya aina ile, kutoka pale, huwa yanaingia. Penalti ina thamani kama 0.77, yaani katika penalti 100 zinaingia kama 77. Shuti la mita 30 huwa halifiki hata 0.05. Ukijumlisha unapata picha ya nani alistahili nini. Katika mechi moja picha hiyo haina maana kubwa. Katika mechi tisa inaanza kusema. Msimu wa 2014/15 Borussia Dortmund ya huyohuyo Klopp ilifika mkiani mwa Bundesliga mwezi Februari, na watu wakasema dawa yake imeisha nguvu. Mchambuzi wa takwimu wa Liverpool, Ian Graham, aliipitia mechi kwa mechi na kukuta timu ile ilikuwa inatengeneza nafasi nzuri kuliko matokeo yalivyoonyesha. Dortmund walimaliza wa saba na kufika fainali ya kombe. Uchambuzi ule ulikuwa mmoja wa sababu za Liverpool kumtaka.

Wewe huhitaji programu. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika kila nafasi ya wazi mliyoipata ndani ya boksi, upande wa pili kila nafasi ya wazi mliyoitoa. Mashuti ya mbali usiyaandike. Kama baada ya mechi nne karatasi inaonyesha mnatengeneza sawa na wapinzani au zaidi, na mnafungwa, mna tatizo la umaliziaji au la kipa au la bahati, na kocha akibaki pointi zitakuja. Kama karatasi inaonyesha mnatoa nafasi tisa na kupata mbili kila wiki, basi hizo pointi nane zenyewe ni zawadi.

La pili, angalia namna mnavyofungwa. Hapa umenipa kitu cha maana sana: mabao manne ya kona. Kona ni sehemu ya mpira ambayo kocha anaitawala kuliko nyingine yoyote. Mpira umesimama, kila mtu anajua aanze wapi, na mnaweza kuirudia mara 30 kwa siku moja. Timu mpya ikifungwa mabao mawili ya kona mwanzoni naelewa, hasa ikiwa kocha ametoka kwenye kukaba mtu akaenda kwenye kukaba eneo. La tatu linanikunja uso. La nne, na limeingia vilevile, ni dalili kwamba ama hawafundishwi, ama wanafundishwa na hawasikii. Rudia kuyatazama yote manne. Je, mpira unaangukia mahali palepale, labda nguzo ya karibu? Je, anayefunga anaruka bila mtu wa kumsukuma? Kama ndiyo, kaka yako ana hoja nzito kuliko hizo pointi nane. Kama kila moja limekuja kivyake, moja kipa katoka vibaya, lingine mpira umegonga mgongo wa mtu, tulia.

Timu inayojifunza hufanya makosa mapya. Ya mwezi uliopita huyaoni tena. Iliyokwama hurudia lilelile kuanzia Agosti mpaka Desemba.

Kuhusu kikosi kubadilika kila wiki, tenganisha watu na wazo. Kocha anaweza kubadili wachezaji watano na timu ikacheza jambo lilelile: mabeki wa pembeni wanapanda, kiungo mkabaji anashuka katikati ya mabeki, winga anaingia ndani. Huyo anatafuta watu wanaofaa kwa wazo lake, na mwezi wa kwanza na wa pili ni haki yake. Mwingine anabadili wazo lenyewe: wiki hii mabeki watatu, ijayo wanne, ile nyingine anapaki basi, timu nzima nyuma, nyumbani anataka kukaba juu na kipindi cha pili anarudi nyuma. Huyo ameogopa. Wachezaji wanaijua hofu ya kocha kabla ya mtu mwingine yeyote, na wakishaijua kila mmoja anaanza kucheza kwa ajili ya nafsi yake. Hapo mimi sisubiri mechi nyingi.

Na kuna dalili ndogo ninayoiamini kuliko takwimu. Mkiwa mmefungwa mbili, dakika ya 80, winga wenu kapoteza mpira mbele. Mtazame yeye, usiufuate mpira. Anarudi? Anarudi mbio au anarudi akitembea mikono kiunoni? Kisha watazame wa benchi wanapoitwa kuingia. Wachezaji wanaomwamini kocha wanavua jezi za mazoezi kwa haraka. Timu inayofungwa lakini bado inarudi mbio dakika ya 80 ni timu ambayo kocha hajaipoteza.

Nisikufiche, uvumilivu si jibu kila mara. Wanaotetea makocha hupenda kumtaja Alex Ferguson. Alifika Manchester United Novemba 1986, akafungwa mechi ya kwanza 2-0 na Oxford, akamaliza nafasi ya 11. Msimu wa 1989/90 akapigwa 5-1 na Manchester City na mashabiki wakaleta bango la kumwambia kwaheri. Januari 1990 bao la Mark Robins dhidi ya Nottingham Forest likaipitisha timu kwenye Kombe la FA, kombe likachukuliwa, na ubingwa wa ligi ukaja 1993. Hadithi ni ya kweli, ila inasimuliwa nusu. Mwaka 1988 timu yake ilimaliza ya pili. Alikuwa ameifumua idara ya vijana na ya kusaka vipaji, na viongozi walikuwa wanaiona kazi hiyo kila siku. Walisubiri kitu walichokuwa wanakiona. Tena makocha waliopewa miaka mitatu na wasilete chochote wapo tele. Hakuna anayesimulia habari zao.

Linganisha na David Moyes, aliyepokea timu hiyohiyo mwaka 2013 ikiwa bingwa, kwa mkataba wa miaka sita. Februari 2014, nyumbani, dhidi ya Fulham waliokuwa mkiani, timu yake ilimimina krosi 81 ndani ya boksi na ikaambulia sare ya 2-2. Matokeo yenyewe yangeweza kumpata yeyote. Zile krosi ndizo zilizosema: njia ya kwanza imeshindikana na ya pili haipo. Hakumaliza msimu.

Pia yupo kocha mzuri aliyeingia nyumba isiyo yake. Brian Clough alikaa Leeds siku 44 tu mwaka 1974, akishinda mechi moja kati ya sita za ligi. Leeds walipomwondoa wakafika fainali ya Kombe la Ulaya mwaka uliofuata. Naye akaenda Nottingham Forest akalichukua kombe hilohilo mara mbili, 1979 na 1980. Kuachana kule kulimfaa kila mtu. Kwa hiyo nikisema nisingemfukuza wa kwenu, simaanishi kwamba kufukuza ni dhambi.

Ila kaka yako ajue jambo moja kuhusu hiyo dawa anayoitaka. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa ya shimo. Timu iliyo chini kabisa ya shimo, hata usipoigusa, ina uwezekano mkubwa wa kupanda kuliko kushuka zaidi: majeruhi wanarudi, ratiba inalainika, mashuti yaliyokuwa yanagonga mwamba yanaingia. Kocha mpya anafika wakati huohuo na sifa zote anapewa yeye. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alipitia karibu miaka 20 ya ligi kuu ya nchi yake. Alizilinganisha timu zilizofukuza makocha na timu zilizopitia mporomoko kama huohuo bila kufukuza. Zote zilipanda. Kufukuza hakukuonyesha faida ya ziada.

Sasa kuzomea, nami nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu nimeliona kwa karibu. Kelele za mashabiki zina nguvu ya kweli. Msimu wa 2020/21, viwanja vya Ligi Kuu ya Uingereza vilipokuwa vitupu karibu msimu mzima kwa ajili ya korona, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo katika historia ya ligi hiyo. Kumbe zile kelele zilikuwa zinabeba pointi.

Na zinaweza kuzibeba kuelekea upande mwingine. Beki wako wa kulia anapokea mpira kutoka kwa kipa. Kocha amemwagiza asubiri winga wa wapinzani amsogelee, kisha apitishe pasi kwa kiungo aliyeachwa wazi. Inabidi asubiri. Sekunde ya kwanza jukwaa linaguna. Sekunde ya pili mtu anapiga kelele, "Toa mpira!" Beki huyo ana miaka 22. Anaubutua mbele, mpira unapotea, na jukwaa linalalamika kwamba timu haina mpango. Mpango ulikuwepo, umekatwa na mguno. Kocha anayejenga mashambulizi kutoka nyuma ndiye anayeumizwa zaidi na jambo hili, kwa sababu mpira wake unahitaji watu wasioogopa kukaa na mpira.

Novemba 2015 Klopp alikuwa anafungwa nyumbani na Crystal Palace, bao la pili likaingia dakika ya 82, na watu wakaanza kutoka uwanjani. Alisema baadaye kwamba alijisikia mpweke pale. Mwezi uliofuata walisawazisha dakika za lala salama dhidi ya West Brom, 2-2, na mwisho wa mechi akawashika wachezaji mikono na kuwapeleka mbele ya jukwaa kushukuru. Wengi walimcheka: unashukuruje kwa sare nyumbani? Yeye alikuwa anawashukuru kwa kubaki.

Msimamo wangu ni huu. Mpira ukiwa unachezwa, usimzomee mtu wa kwenu, awe mchezaji au kocha. Filimbi ya mwisho ikilia, ukitaka kuonyesha hasira, onyesha, umelipa kiingilio na moyo wako umeumia. Hata hivyo usimguse mchezaji mmoja kwa jina lake, na familia ya kocha iacheni kabisa, uwanjani na mitandaoni.

Umeuliza muda gani. Kwa kocha aliyeanza na maandalizi, mimi humpa mzunguko mmoja, mpaka timu ikutane na kila mpinzani mara moja. Aliyeingia katikati ya msimu humpa mpaka apate maandalizi yake ya kwanza, isipokuwa timu inazama. Mtakapokuwa ndani ya timu tatu za mwisho, na karatasi yako inasema mnazidiwa nafasi kila wiki, na kona zinaendelea kuingia nguzo ileile, usingoje mzunguko uishe. Mwambie kaka yako umekubaliana naye.

Kwa sasa tazameni pamoja mechi nne zijazo, wewe ukiandika nafasi mnazopata, yeye akiandika mnazotoa, maana yeye ndiye mwenye jicho la makosa. Baada ya mechi ya 13 niandikie mlichokiona. Nitaanza kukuuliza habari za kona, halafu yule winga wa dakika ya 80.